Shamba Lililoharibiwa kwa Wema

Bwana Shamba hakuyaamini mahindi yaliyopendeza. Ukimwonyesha shamba lililosimama vizuri, majani yamekoza rangi, mabua manene, nawe umesimama pembeni unangoja sifa, yeye aliinama akachimba udongo kwa kidole, kisha akakuuliza umefanya nini ambacho hujasema. Nilimjua miaka ishirini na mitatu na sikuwahi kumsikia akisifu shamba la mtu. Sifa yake ilikuwa kunyamaza. Akiondoka bila kusema neno, mkulima alijua amefaulu.

Alikozaliwa, na babu yake alikuwa nani, waulizeni watu wa kwao. Mimi nilimkuta akiwa tayari Bwana Shamba, ofisa wa kilimo mwenye gambuti na shati la mifuko miwili iliyojaa kalamu, na hata alipostaafu hakuna aliyethubutu kumbadilishia jina. Nyumba yake na yangu, hapa pembeni mwa Kitale, zilitenganishwa na ua wa michongoma. Duka langu la agrovet mjini, la mbegu na dawa za mifugo, lilikuwa kituo chake cha kila jioni. Aliketi juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, akaagiza chai ya rangi isiyo na sukari kutoka hoteli ya jirani, kisha akaanza kunifukuzia wateja. Mtu akiomba mbegu fulani, yeye anauliza shamba liko wapi. Mtu akijibu Tongaren, yeye anasema mbegu hiyo si ya huko, ipeleke ulie. Mdomo wake umenigharimu wateja wengi. Walirudi lakini, msimu uliofuata, na walimuulizia yeye kabla ya kunisalimia mimi.

Kazi yake kubwa haikuwa kufundisha watu kupanda. Ilikuwa kuomba pembe. Mbegu mpya ya mahindi haitoki tu kwenye maabara ikaingia dukani kwangu. Lazima kwanza ipandwe kwenye vipande vidogo vya mashamba ya watu, juu mlimani na huku chini, ionekane inafanya nini. Kwa hiyo Bwana Shamba alizunguka kuanzia Kitale mpaka Tongaren, akapanda mpaka miteremko ya Cheptais, akiwaomba wakulima wamwachie pembe ya shamba. Na aliomba kwa namna ya kuwakatisha tamaa. Aliwaambia: "Hii pembe usiitegemee. Ikikupa mahindi, shukuru. Ikikataa, umenipa jibu." Wengine walikataa palepale. Waliokubali aliwaandika kwenye daftari jeusi, na kwenye daftari hilo hakuna kilichofutwa kamwe. Raba aliichukia kama wizi. Akikosea, alipiga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, akaandika lililo sahihi pembeni, akatia sahihi yake ndogo.

Kuna mzee mmoja wa Tongaren aliyempa pembe msimu mmoja. Mahindi ya pembe ile yalikua mpaka watu wa barabarani wakasimama kuyatazama. Siku ya kupima, mzee alichinja kuku, mkewe akapika, majirani wakaitwa. Bwana Shamba akaingia shambani, akachimba kwa kidole kama kawaida, akatoka na uso umebadilika. Mzee alikuwa ameongeza mbolea ya kuku kwenye pembe ile, usiku usiku, na mkewe alikuwa akiimwagilia maji jua lilipokaza. Hakufanya hivyo kwa ujanja. Aliona aibu mgeni aje na mbegu yake halafu iaibike kwenye shamba lake. Kwetu mgeni hupewa kipande kizuri cha nyama, na mzee aliona mbegu nayo ni mgeni. Bwana Shamba hakula kuku yule. Alikaa juu ya pikipiki yake akaandika kwenye daftari jeusi, na baadaye alinionyesha sentensi yenyewe: "Shamba hili limeharibiwa kwa wema." Nilimwambia ana roho ngumu, kuku wa watu amkatae. Akasema kama mbegu ile ingepita kwa sababu ya kinyesi cha kuku, mwaka unaofuata watu elfu wangeinunua dukani kwangu, na wangelala njaa wao na watoto wao kwa ajili ya adabu ya mzee mmoja.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Mtu wa mahindi maisha yake yote, nyumbani hakula ila ugali wa wimbi. Wa mahindi aliuita chakula cha hoteli. Alikuwa mzee wa kanisa na alisali macho wazi. Mchungaji akisema tufumbe macho, yeye aliangalia dari, akaangalia nani amesinzia, na ibada ikiisha alimwambia aliyesinzia. Alifiwa na mkewe akakataa kuoa tena, na akakataa pia kukubali kwamba ana upweke. Alikuja kwangu kila jioni, alisema, kukagua mbegu zangu kama hazijaisha muda.

Ugonjwa ulimwanzia mgongoni. Yeye alilaumu pikipiki, nami nikalaumu umri. Kituo cha afya kilimpa dawa za malaria, halafu za taifodi, halafu za malaria tena, maana huku kwetu mtu asipoeleweka hupewa hizo mbili kwa zamu. Mwaka ukapita hivyo. Asubuhi moja aliinua beseni la maharagwe, ubavu ukavunjika. Mfupa wa mtu mzima hauvunjwi na maharagwe, na ndipo walipompima vizuri wakakuta saratani ya damu, ile inayoanzia ndani ya uboho na kuila mifupa polepole. Alipewa dawa zilizopo. Zilifanya kazi karibu miaka miwili, kisha zikachoka. Wakambadilishia, nazo zikachoka upesi zaidi. Mwishowe daktari wake akamwambia hana kingine cha kumpa, ila kuna hospitali inayojaribu dawa mpya, na wanatafuta watu.

Nilimsindikiza siku ya maelezo kwa sababu binti yake, mwalimu aliyeolewa Myanga, alikuwa na mitihani shuleni. Daktari wa utafiti alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya chini. Alieleza kwamba hii ni hatua ya kwanza kabisa. Bado hawatafuti kama dawa inaponya. Wanatafuta dozi ambayo mwili wa binadamu unaweza kuivumilia. Watu watatu wataanza na dozi ndogo. Wakivumilia, watatu wengine watapewa kubwa zaidi, na hivyo hivyo kupanda. Faida inaweza kuwepo: huenda dawa ikamfaa, na kwa vyovyote damu yake itapimwa mara kwa mara kuliko mgonjwa yeyote mkoani. Hasara nazo zipo, nyingine wanazijua kutoka kwa wanyama, nyingine bado hakuna anayezijua. Anaweza kujitoa siku yoyote na hataulizwa sababu.

Bwana Shamba alimhoji karibu saa nzima. Aliuliza kama wale watatu wa kwanza wanaambiwa kuwa wao ndio wa kwanza. Aliuliza nani anaamua kupandisha dozi, na anaamua kwa kuangalia nini. Daktari akasema wanaangalia vipimo, na wanaangalia daftari la dalili ambalo mgonjwa mwenyewe hujaza kila siku.

"Na nikifa kwa hiyo dawa, mtaandika?" akauliza.

"Tutaandika, mzee."

Akachukua kalamu mfukoni mwake, ya kwao hakuitaka, akatia sahihi. Tukiwa njiani alisema huyu msichana ni mtu wa kazi. Niliona wivu. Miaka ishirini na mitatu, mimi sijapata hata nusu ya maneno hayo. Kisha akasema, akiangalia nje dirishani, "Basi sasa mimi ndio pembe."

Nawaambia ukweli, miezi miwili ya kwanza nilidhani Mungu amejibu. Maumivu ya mgongo yalipungua mpaka akaacha fimbo. Zile protini mbovu kwenye damu yake, ambazo daktari alizifuatilia kila wiki, zilishuka na kuendelea kushuka. Wenzake wawili wa kundi lile hawakuwa na bahati hiyo. Mmoja alifariki kwa ugonjwa wenyewe, na wa pili dawa haikumfanyia lolote, zuri wala baya. Yeye alilima kipande nyuma ya nyumba akapanda mahindi, akawa anarudi dukani kwangu kunifukuzia wateja. Kule hospitali walimpenda. Aliyaelewa mambo yale kuliko baadhi ya wauguzi, na walipoona hivyo walimwachia kazi ya kuwaeleza wagonjwa wapya kwenye benchi, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, nini maana ya hatua ya kwanza. Alijifanya haoni fahari. Lakini siku za kliniki alipiga pasi shati mwenyewe.

Hapo kwenye benchi ndipo alipokutana na mama wa Cheptais. Aliuza viazi sokoni huko, ana watoto watatu, mume aliondoka akaacha namba ya simu isiyopatikana. Alikuwa na ugonjwa uleule na dawa zilezile zilikuwa zimechoka kwake pia. Aliogopa kutia sahihi. Bwana Shamba alimweleza yote, hata yale ya kutisha, na mama akasema kama mzee huyu ametembea kwa miguu yake kutoka geti mpaka hapa, na yeye atajaribu. Akawekwa kundi la pili, la dozi kubwa. Bwana Shamba alinieleza habari zake kila jioni mpaka nikawajua watoto wote watatu, na yule wa mwisho anayekataa kuvaa sweta.

Lile daftari la dalili, nilikuwa ninaliandika mimi. Tangu wiki ya tatu aliniambia mkono wake unauma kwa sindano za kila mara, basi yeye ataje na mimi niandike. Kabla sijafunga duka, saa kumi na mbili, alikaa juu ya gunia lake na mimi nikasoma safu moja moja. Homa? Hakuna. Kutapika? Kidogo asubuhi. Vidole? Ganzi kidogo. Macho? Hakuna. Niliandika na kuandika. Ilikuwa raha kwangu, sitaficha. Nilijiona nina kazi kwenye kupona kwake.

Wakati wa palizi nilikuwa naanika nguo nikachungulia juu ya michongoma. Alikuwa amepalilia safu mbili za kipande chake na alikuwa anaendelea na ya tatu, ameinama, anang'oa kwa mkono kwa uangalifu uleule wa siku zote. Alichokuwa anang'oa ni mahindi. Yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu na aliyalaza pembeni kwa mpango mzuri, mizizi upande mmoja. Nyasi aliziacha zimesimama kwenye mstari.

Mtu huyu alikuwa akiona jani moja lenye ugonjwa kutoka barabarani, pikipiki ikienda. Nikazunguka ua nikasimama mbele yake, naye akainua uso akanisalimia, si Mama Neema kama siku zote, bali kwa jina la mama anayeniuzia maziwa.

Nilimuuliza macho yamemharibikia tangu lini. Alitaka kukataa, kisha akakaa chini palepale kwenye udongo. Tangu wiki ya tatu, akasema. Ulianza ukungu, halafu herufi zikawa mbilimbili. Nikamuuliza anapitaje kipimo cha macho, maana najua huwa wanampima kila anapokwenda. Akanieleza kama mtoto aliyekamatwa. Ule ubao wa herufi uko ukutani kwenye chumba kilekile wanachosubiri. Wagonjwa wanaomtangulia huzisoma kwa sauti. Yeye alizikariri mstari kwa mstari mpaka ule mdogo wa chini, na muuguzi akionyesha kwa kidole, yeye anahesabu tu kidole kiko kimo gani.

Nikasema, "Mzee, si ni wewe ulikataa kuku wa watu Tongaren? Sasa unaweka mbolea mwenyewe."

"Wakijua watasimamisha," akasema. "Hiyo daktari ni mtu wa kufuata kitabu. Atasimamisha siku hiyo hiyo."

"Wacha asimamishe."

"Na mgongo? Mama Neema, mimi nimelala miezi miwili kama mtu. Damu inashuka. Dawa inafanya. Kipofu anakula ugali, bana. Maiti haili."

Nilimtajia mama wa Cheptais. Nilimkumbusha kwamba huyo anangoja dozi kubwa kuliko yake, na wanaipandisha kwa sababu daftari la Bwana Shamba linasema macho hakuna. Akageuza uso. Akasema huenda mwili wa yule mama ni tofauti. Akasema pia, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, kwamba daktari yule amehangaika na dawa hii miaka mingi na yeye ndiye mgonjwa pekee aliyeonyesha matunda, atamharibiaje kazi. Nadhani hilo lilikuwa kweli pia. Aliogopa kufa na aliona aibu kumwangusha yule daktari, na sijui ni lipi lilikuwa zito zaidi.

Sehemu inayofuata siipendi. Jioni ile alikuja dukani kama kawaida, akakaa juu ya gunia. Nikasoma safu. Nilipofika kwenye macho, mteja akaingia akanunua dawa ya kupe akatoka. Kisha Bwana Shamba akasema, "Hakuna." Na mimi nikaandika hakuna. Nilimwandikia hivyo siku tisa, nikijua. Nilijiambia si mwili wangu, si daftari langu. Ukweli ni kwamba nilitaka aendelee kuja kukaa juu ya lile gunia, na huyo mama wa Cheptais sikuwahi kumwona kwa macho yangu.

Siku ya kumi alinikuta asubuhi nikifungua duka. Alikuwa hajala tangu jana yake. Mama wa Cheptais alikuwa amempigia simu. Aliambiwa ataanza wiki inayofuata, na usingizi ulikuwa umemtoka, basi alitaka kumuuliza mtu anayemwamini: mzee, niambie ukweli kama baba, hiyo dawa iko na ubaya?

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia hakuna," Bwana Shamba akasema. "Akanishukuru. Ati Mungu anibariki."

Akaomba daftari. Tulirudi nyuma mpaka wiki ya tatu, ukurasa kwa ukurasa, mlango wa duka umefungwa nusu na wateja wanagonga. Kwenye kila "hakuna" ya safu ya macho alinitaka nipige mstari mmoja, neno libaki linasomeka, na pembeni niandike alichokiona kwa kweli siku ile. Alikumbuka yote. Ukungu asubuhi. Herufi mbilimbili. Sikumtambua mchungaji. Nimeshindwa kusoma namba za simu. Nimeng'oa mahindi. Nilimwelekezea kidole chake kwenye karatasi na yeye akatia sahihi ndogo, ukurasa baada ya ukurasa, nyingine zikitoka nje ya mstari. Kwenye zile siku tisa za mwisho akasema na mimi nitie yangu. Nikatia.

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuumiza kuliko kugombezwa. Alisoma kurasa zote, akamshukuru, akasimamisha dawa siku hiyohiyo kama alivyotabiri. Kundi la pili likaahirishwa. Ilibidi kamati ikae, dozi ipunguzwe badala ya kupandishwa, karatasi zote za kutia sahihi ziandikwe upya ili habari ya macho iwemo, na zipelekwe kwa wakubwa wanaoruhusu mambo hayo. Walisema ingechukua wiki sita au zaidi. Bwana Shamba aliuliza kama akipona macho atarudishwa. Daktari akasema wataona. Walipokuja kuona, ugonjwa ulikuwa umesharudi kwa kasi na umeingia kwenye figo, na mtu mwenye figo mbovu hakubaliwi tena. Binti yake akaja na gari la kukodi akampeleka Myanga. Nilimpakia godoro mimi mwenyewe. Alilaza kichwa dirishani akauliza nimeshaagiza mbegu za msimu au bado.

Habari za mama wa Cheptais nilizipata dukani. Kaka yake alikuja kununua dawa ya viazi na tukazungumza mpaka nikagundua ni yeye. Alifariki wiki ya tano ya kusubiri. Hakuwahi kupata hata tone moja la dawa ile. Kaka yake hakumlaumu mtu. Alisema walikuwa wanaambiwa karatasi bado, karatasi bado, halafu damu ikamwishia. Kama dawa ingemsaidia au ingemmaliza mapema zaidi, hakuna anayejua, hata yule daktari hajui. Bwana Shamba alisaidika na mwenzake wa kundi la kwanza hakusaidika, kwa dozi ileile. Nilimpimia yule kaka dawa yake, nikafunga duka mchana kweupe nikaenda nyumbani kulia.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Myanga. Nilikuwa nimejipangia njia nzima nitakavyosema. Binti yake alinipokea, akaniambia baba yuko macho leo, akaenda jikoni. Nilimkuta kitandani karibu na dirisha, amekonda mpaka kalamu za mfukoni zilionekana kubwa kuliko kifua. Lakini alinitambua kutoka mlangoni. Akaniambia nimezeeka, na gauni hilo ni jipya, na mbona nimefunga kitambaa vibaya. Tangu waache dawa ukungu ulikuwa umepungua siku hadi siku, na sasa aliweza kuhesabu majani ya mgomba nje. Tulicheka kidogo. Nikamweleza mvua, bei za mbolea, nani amekufa Kitale na nani ameoa. Yule mmoja sikumtaja.

Akauliza mwenyewe. "Mama wa Cheptais walimwanzishia?"

"Walimwanzishia," nikasema. "Anaendelea vizuri."

Alinitazama. Sikumbuki kama nilikwepa uso wake, lakini najua nilianza kukunja kona ya shuka.

"Mama Neema," akasema. "Mimi naona siku hizi."

Basi nikamwambia. Nikamwambia kaka yake, wiki ya tano, karatasi. Sikuacha kitu. Alisikiliza macho wazi, akiangalia dari.

"Tungesema ile wiki ya tatu," akasema, "karatasi zingekuwa zimeisha zamani. Angeanza siku yake. Na dozi kidogo, hiyo imepunguzwa."

Nikasema labda. Nikasema pia wiki ya tatu mimi nilikuwa sijui, nikaona aibu maneno yalipokuwa bado yako mdomoni, kwa sababu siku tisa nilijua.

Aliuliza watoto wa yule mama wanakaa na nani. Nikasema watatu wote wamechukuliwa na kaka yake, na huyo ana watoto wake wengine watano. Akauliza yule mdogo ana miaka mingapi sasa. Nikasema sijui. Akasema anayo saba, aliambiwa saba. Binti yake akaingia na uji, akaketi kitandani kuanza kumlisha, na yeye akafungua kinywa akakubali kijiko cha kwanza, kisha akakifunga kinywa, na hakukifungua tena mpaka nilipoaga.